Kiganja Shingoni mwa Chameli

Southall, London
21 Aprili 2024

Kwa Baba yangu, Bwana Zein, Langoni, Lamu

Assalaam aleikum. Shikamoo, Baba.

Watu huanza barua kwa kusema kuwa wao ni wazima. Mimi nimekanyagwa kidole gumba cha mguu na farasi, na sasa kimekuwa cheusi kama zambarau. Huyo farasi ndiye aliyenifanya nikuandikie. Tangu niondoke, miaka mitano sasa, hatujasemezana. Mama akikupa simu, unasema "mwambie nimesikia," kisha unamrudishia. Barua huwezi kumrudishia Mama. Isome hadi mwisho, halafu ukitaka uichane.

Kazi yangu unaijua, kuangalia wazee majumbani mwao. Mmoja wao ni Bi Geeta, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, ana miaka sabini na moja na nyonga iliyokwisha. Asubuhi namvalisha, jioni namvua, na katikati tunagombana kuhusu chumvi. Kiswahili chake ni cha dukani kwa baba yake, lakini siku ya kwanza aliponiambia "Karibu, keti, wewe nakula nini?" nilishikwa na kilio pale pale mlangoni. Hukuti mtu kila siku hapa akakuuliza umekula nini.

Bi Geeta ana farasi. Si wale wakubwa wa polisi, huyu ni poni, farasi mfupi wa milima ya Wales, kimo chake kinanifika kifuani. Ni mtamba wa miaka mitatu, mweupe, magoti tu ndiyo yana kijivu. Anaitwa Chameli, yaani asumini. Anakaa kwenye mazizi ya Mwingereza mmoja, Eddie, ng'ambo ya mfereji nyuma ya maghala. Ndege zinazoshuka Heathrow humpitia juu ya kichwa na yeye hatikisi sikio. Kinachomtia wazimu ni kamba. Akiiona tu anasimama kwa miguu miwili. Eddie ana miaka arobaini katika kazi hii, na Chameli amemburuta uwanja mzima hadi kofia ikabaki nyuma.

Sasa sikiliza, Baba. Bi Geeta atapasuliwa nyonga mwezi wa tisa. Mwanawe, Kamal, anakaa Wembley, na amesema mama yake hawezi kubaki na mnyama asiyeshikika. Simlaumu, anampenda mama yake. Ila ameweka sharti. Tarehe saba Julai kuna maonyesho ambayo farasi hapandwi, anaongozwa kwa mkono tu mbele ya mwamuzi. Chameli akizunguka uwanja kwa utulivu, atabaki. Akishindwa, anapelekwa mnadani, na huko mnunuzi haulizwi anamnunulia nini.

Wiki iliyopita nilimsukuma Bi Geeta kwenye kiti chake hadi pale uani. Chameli alikuwa mwisho kabisa wa uwanja. Akainua kichwa, akaja moja kwa moja, akaweka pua yake begani mwangu na kupumua. Sikuthubutu kusogea. Pumzi yake ilikuwa na joto na harufu ya majani, nami nilihisi kama nimeitwa kwa jina na mtu nisiyemjua. Bi Geeta akasema, "Basi. Wewe nashika yeye." Nikamwambia kwetu mtoto wa kike hashiki kamba. Akanijibu, "Hapa nani naona wewe?"

Nilipojaribu, nikapata hiki kidole.

Baba, kaka yangu Shekuwe ulimfundisha kuongoza punda miaka minne. Mimi nilikaa dirishani nikakusikia ukimfundisha, na ulipogundua, ukafunga dirisha. Huku hakuna Shekuwe. Niambie namna ya kushika kamba.

Mwanao,
Ibtisam


Langoni, Lamu
13 Mei 2024

Ibtisam,

Wa aleikum salaam. Barua imefika. Sikuichana.

Kwanza kidole. Kitie katika maji ya moto yenye chumvi. Anayekanyagwa na mnyama alisimama pasipo pake. Pa mshikaji ni begani, si mbele wala nyuma.

Pili, farasi simjui. Nionavyo mimi, farasi ni punda aliyesifiwa mno hadi akaharibika. Basi mfanye kama punda.

Usimvute. Ana nguvu kukushinda, na siku atakapolijua hilo hutamshika tena. Siku tatu za mwanzo usitembee naye hata hatua moja. Mvalishe kamba, kisha ukae karibu ufanye shughuli zako, umenye vitunguu, ushone, chochote. Usimtazame machoni, kwani anayemtazama mnyama machoni anamdai kitu. Kamba ilegee kati yenu. Ikikaza, aliyeikaza ni wewe.

Siku ya nne mguse miguu. Anza begani, ushuke polepole bila kuondoa mkono hata mara moja. Akikupa mguu, upokee na useme ahsante. Usicheke, mnyama anajua akishukuriwa.

Ndipo umtembeze. Kwanza amua unakokwenda, kisha nenda. Usigeuke kuangalia kama anakuja.

Watu husema fadhila ya punda ni mateke. Waliosema hivyo hawakumfuga. Punda humpiga teke anayempitia nyuma kimyakimya. Ukiwa karibu naye toa sauti, hata kama ni hesabu ya sita mara saba.

Siku za mashindano ya punda marehemu babu yako alikuwa na jambo lake ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Jioni ya kuamkia mbio alichovya kiganja cha kulia katika hina, akakiweka shingoni mwa Waziri, upande anaotembea mshikaji. Waziri alikuwa punda mweupe. Alama ilikolea, mtu akaiona tangu mwisho wa mtaa. Ilikuwa ikinipendeza sana. Mimi sikupata punda mweupe.

Shekuwe hajambo. Punda amebaki mmoja. Wengine aliwauza akanunua pikipiki. Mama yako anakusalimu.

Zein


Southall, London
9 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Umetia sahihi "Zein" kana kwamba unamwandikia karani wa kaunti. Haya, nimeipokea hivyo hivyo.

Nilifanya kama ulivyosema. Siku tatu nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Chameli na kamba yake pembeni, mimi nikimenya njegere za Bi Geeta. Eddie alipita akaniuliza kama namfundisha farasi kupika. Siku ya tatu nikahisi uzito kichwani. Alikuwa ameweka kidevu chake juu ya mtandio wangu akasinzia. Nilikaa hivyo hadi shingo ikafa ganzi. Ningekaa hadi magharibi.

Miguu ilichukua wiki. Nilishuka kutoka begani bila kuondoa mkono, kila siku nikifika chini kidogo zaidi ya jana. Jumanne hii akaunyanyua mwenyewe. Ukwato ukakaa kiganjani mwangu, mzito, una joto, na akaniegemea kwa uzito wake wote kama mtu aliyechoka. Nikasema ahsante, kisha Subhanallah. Mnyama ambaye juzi alitaka kunivunja alikuwa amenikabidhi mguu wake. Baba, wewe uliamka na jambo hili kila siku ya maisha yako. Uliwezaje kwenda sokoni baadaye ukabishana kuhusu bei ya nazi?

Sasa tunatembea. Juzi tumevuka daraja la mfereji, baiskeli zikitupita, na kamba imelegea hadi karibu na magoti. Sikugeuka. Nilisikia tu kwato nyuma ya bega langu, na moyo wangu ukizifuata. Eddie alivua kofia. Anasema tumebakiza kusimama. Mwamuzi anapomtazama, farasi hutakiwa asimame wima, miguu minne ikionekana, asitikisike mpaka aambiwe. Chameli bado anaona kusimama ni kupoteza wakati.

Kuna habari moja ya kukuchekesha. Chameli ana pasipoti! Wallahi, kijitabu kamili, na umbo lake limechorwa ndani. Amempita Shekuwe.

Na ile hina ya Babu nimemsimulia Bi Geeta. Nusura asimame bila fimbo. Akasema kwao nao farasi wa bwana harusi hupambwa, na bila mehndi, yaani hina, hakuna sherehe. Ametuma iletwe kutoka duka la barabarani, ile ya unga, si ya mrija, na ataikoroga mwenyewe kwa chai nyeusi na ndimu. Tutaitia jioni ya kuamkia maonyesho. Nilitaka kiwe kiganja chake, maana Chameli ni wake, ila anasema mkono wake unatetemeka, alama itachafuka. Nitaweka changu.

Nina swali moja, na ukitaka usijibu. Haya yote ulikuwa nayo. Nilikuwa mtoto wako chini ya paa lako. Ningezaliwa Shekuwe ungenipa. Nilikukosea nini, Baba?

Ibtisam


Langoni, Lamu
30 Juni 2024

Mwanangu Ibtisam,

Barua yako imefika juzi. Hii yangu haitawahi maonyesho, najua. Jana nilichukua simu ya mama yako nikakupigia. Nikakusikia ukisema "Halo, Mama?" Sauti yako imekuwa ya mtu mzima. Nikakata. Nimezoea kusema na wanyama, na niliyo nayo ya kukuambia mdomo ungeyaharibu.

La hina kwanza. Sikukuambia jambo zima, kwa kuwa sikudhani ungefanya. Kile kiganja hakikuwa pambo. Babu yako alikiweka ili watu wajue punda ni wa nani. Mwenye kiganja ndiye mwenye mnyama. Ukiweka chako kwa mnyama wa mtu mwingine, kwetu umemchukua. Kama hujaweka, acha. Kama umeshaweka, maji yakimwagika hayazoleki, ila mwombe radhi huyo bibi wa Kisumu kwa niaba yangu.

La pili ni swali lako.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na punda dume anaitwa Jeuri, aliyekuwa amewang'ata wanaume watatu, mmoja wao mimi. Miezi miwili nilijaribu kumtia kamba nikashindwa, na Langoni nzima ilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa watu wakishindwa. Asubuhi moja baada ya mvua natoka msikitini, nikakuona kwenye kichochoro cha nyuma ya ghala la mkaa. Ulikuwa na mkoba wa shule. Jeuri alikuwa kando yako. Hakuwa na kamba. Hakuwa na kitu chochote mwilini. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi begani mwako, wewe ukisema hesabu ya sita, sita mara moja, sita mara mbili, na kila uliposimama alisimama, na ulipokwenda alikwenda. Mlipofika kwenye ngazi ukamwambia subiri. Akasubiri.

Nilijibanza ukutani. Nywele zilinisimama, Ibtisam. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na niliitwa fundi, na mbele ya mtoto aliyebeba mkoba nikajiona mwanagenzi wa siku moja. Sikuwahi kuona kitu kama kile, wala sijakiona tena. Ilikuwa kama kusikia adhana kutoka mahali pasipo na msikiti.

Baba mwenye akili angetoka akakukumbatia. Mimi nilirudi nyumbani kwa njia nyingine. Jioni yake nikasema mtoto wa kike hashiki kamba. Nikaita desturi. Haikuwa desturi. Bibi yangu mzaa baba alishika kamba hadi akafa. Nilikuonea wivu, na niliogopa siku watu watakapokuja mlangoni wakuite wewe, wasiniite mimi. Nilimfundisha Shekuwe kwa kuwa Shekuwe alihitaji kufundishwa. Wewe sikuwa na la kukupa.

Haya nimeyabeba peke yangu. Mama yako nimemwambia leo. Hajanipa chai.

Zein, baba yako


Southall, London
8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, bega linaniuma.

Nianze na hina. Jumamosi jioni Bi Geeta alikoroga bakuli zima, akaimba, nikachovya mkono wa kulia nikaulaza shingoni mwa Chameli. Akageuka akaninusa. Tulipoibandua, kiganja kilikuwa pale, vidole vitano, rangi ya machungwa juu ya weupe, kizuri ajabu. Tulikuwa tumekaa tukijipongeza wakati Eddie alipoingia. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe, Baba, kwa farasi hawa wa milimani sheria ni kuwaonyesha kama Mungu alivyowaumba, wasisukwe, wasikatwe nywele, wasitiwe rangi. Hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza, kwa sababu katika akili zetu mbili hapakuwa na swali. Ungemtoaje msichana siku yake ya kwanza bila hina?

Eddie akaleta sabuni. Ikakataa. Akaleta siki. Siki, Baba! Hina ikakolea. Bi Geeta akamwambia, "Eddie, you are cooking it," yaani unaipika.

Sikulala. Juu ya hayo, Jumamosi ya kabla yake nilipigiwa kwa simu ya Mama, nikasikia mtu anapumua, ikakatika. Mama anasema hakupiga. Nikadhani kuna msiba mnanificha.

Jana asubuhi tukaenda hivyo hivyo. Uwanja uko kupita Croydon, mji ninaoujua kwa sababu ya jengo la uhamiaji tu, walikochukua alama za vidole vyangu. Nilivaa koti la sufu la marehemu mume wa Bi Geeta, na kofia ngumu juu ya mtandio. Tulikuwa saba kwenye mzunguko wetu. Watu walimwona Chameli wakaanza kunong'ona. Kamal alisimama kwenye uzio amekunja mikono, nikajua anachofikiri.

Tukazunguka mara ya kwanza, kamba imelegea. Nikaanza kuamini. Ndipo kule uwanja wa pili bendera ikachomoka, farasi mmoja mwekundu akamponyoka mtu wake, akaruka kamba ya mpaka na kuingia katikati yetu. Poni wote wakapanda hewani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaanguka. Farasi wake akanigonga bega, na kamba ikaniponyoka.

Baba, nilisimama mikono mitupu. Chameli alikuwa huru, lango liko wazi, wenzake wanapiga kelele. Nikamwona akitazama lango. Nikawaza, amekwisha, ni mnadani. Nikakumbuka ulivyoniandikia kuhusu sauti, na kilichonijia ni kile ulichokiandika tu, hesabu. Sita mara moja, sita. Sita mara mbili, kumi na mbili. Nikaweka mkono juu ya ile alama, vidole juu ya vidole. Shingo ilikuwa ikitetemeka kama chombo cha maji kwenye moto. Sita mara tano ikatulia.

Sikuokota kamba. Sijui kwa nini. Niliamua ninakokwenda nikaenda. Naye akaja. Tukazunguka nusu ya uwanja, kamba ikiburuzika majanini, kichwa chake kikiwa begani mwangu, na watu wote wale, kile kipaza sauti, watoto, kila kitu kikanyamaza. Nilikuwa nasikia kwato zake na pumzi yake tu. Nilihisi nimewahi kutembea hivi, mahali fulani, zamani sana, na nikakosa kukumbuka wapi. Tukafika mbele ya mwamuzi. Nikasimama. Akasimama, miguu minne wima, akatazama mbali mithili ya mwenye uwanja.

Mwamuzi ni mwanamke mrefu wa umri wako. Aligusa kiganja kile kwa kidole kimoja, akaangalia mkono wangu. Kisha akasema kwa sheria hawezi kumpa nafasi yoyote, ana rangi mwilini. Akasema ameamua farasi miaka thelathini na kitu hiki hajakiona, na kwamba anaomba tumrudishe mwakani, alama ikishatoka, ili apate kukiona tena.

Hatukupata hata utepe. Nikamtazama Kamal. Kamal amezaliwa hapa. Mama yake humwambia kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, sijamsikia hata neno moja. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili. Akainama kwenye kiti cha mama yake akasema, "Hapana uza, Mummy. Hapana uza."

Bi Geeta alilia hadi wanja ukamfika kidevuni.

Niambie kama kuna msiba. Na niambie, wewe unayejua, ni kitu gani kile kilichotembea na mimi jana.

Ibtisam


Southall, London
20 Julai 2024

Baba,

Barua yako ya tarehe thelathini imefika. Yangu ya maonyesho iko njiani inakuja kwako, na zimepishana mahali fulani angani. Ukiisoma utajua kwa nini niliketi chini sakafuni.

Sasa nakumbuka. Nakumbuka ngazi, na tope, na harufu ya mkaa. Nilidhani niliota.

Nimekasirika siku mbili. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya, na baadhi yake ni ya kweli. Miaka ishirini na mitatu, Baba. Nilikua nikiamini mikono yangu ina kasoro ambayo wewe tu unaiona. Nimevuka bahari na mikono hiyo. Nimewaogesha wazee wa watu kwa mikono hiyo, nikishangaa kwa nini hutulia nikiwagusa. Ungeniambia hata mara moja.

Leo asubuhi hasira imepungua kidogo. Sijui imekwenda wapi. Bado naiangalia.

Nilimsomea Bi Geeta kuhusu kiganja, nikamwomba radhi kwa niaba yako. Alikuwa anakunywa chai. Akanyoosha mkono wake mbele yangu, na kikombe kimejaa hadi ukingoni, hakikumwagika hata tone. Akasema, "Mimi najua hii maneno. Kisumu, baba yangu kwisha weka kiganja kwa mlango ya duka yake. Wewe nadhani kwa nini mimi nasema mkono natetemeka?"

Ibtisam


Langoni, Lamu
14 Agosti 2024

Ibtisam, mwanangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Mama yako alinisomea ile ya maonyesho kwa sauti, ingawa macho yangu ni mazima, kwa kuwa nilipofika penye kamba kuanguka nilishindwa kuendelea. Akaisoma hadi mwisho. Shekuwe alikuwa mlangoni na pikipiki yake. Akaizima asikie.

Hakuna msiba. Aliyekuwa anapumua kwenye simu ni mimi.

Umeuliza ni kitu gani kilichotembea nawe. Sijui. Nimeshika kamba tangu nina miaka saba na sijui. Ninachojua ni kwamba nimekiona mara moja, wewe umekifanya mara mbili, na mimi nilikiwekea kufuli. Hasira yako usiifukuze upesi. Ni haki yako, ikae hadi ishibe. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, utaniambia usoni, nami nitasimama nisikie, miguu minne wima.

Mama yako amenipa chai.

Mpe huyo bibi salamu zangu kabla ya kupasuliwa, na dua. Mwambie amenishinda akili.

Ameshasema Chameli ni wa nani. Nami kuna jambo ambalo nilipaswa kulitangaza asubuhi ile mbele ya mtaa mzima, nikajificha ukutani. Leo mama yako amenikorogea hina. Majirani wamekuja kuniuliza naoa nani. Nimewaambia wote, mmoja mmoja, kile nilichokiona nyuma ya ghala la mkaa, hadi Shekuwe akaniambia Baba, pumzika. Sikupumzika.

Karatasi imeloa kidogo, nisamehe. Sahihi sikutia. Geuza upande wa pili, ulaze mkono wako juu ya wangu, uone kama vidole vinalingana. Mama yako anasema umechukua vyangu.